Karen Blixen na nyumba ya Mbogani: Makao yaliyogeuka chuo, kisha makumbusho

Wasafiri wanaotoka Laiser Hill na Ongata Rongai, katika Kaunti ya Kajiado, wakielekea Nairobi huvuka Mto Mbagathi pasipo kuutazama mara mbili. Ni mto mdogo, na wakati wa kiangazi maji yake huwa haba. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 iliyopita mto huo ulikuwa mpaka mkubwa. Kusini mwake ilikuwa hifadhi ya Wamaasai, nchi iliyoenea kupitia nyanda za Kitengela na Kajiado hadi karibu na eneo lililotawaliwa na Wajerumani. Kaskazini mwake yalikuwa mashamba ya walowezi, na mojawapo, lililokuwa chini ya Milima ya Ngong, lilikuja kusimamiwa na mwanamke kutoka Denmark.

Mwanamke huyo ni Karen Blixen, ambaye baadaye alipata sifa duniani kote kwa kitabu alichokiandika kuhusu shamba hilo. Shamba lenyewe halipo tena. Liligawanywa vipande vipande likawa mtaa wa Karen, mojawapo ya mitaa ya kifahari jijini Nairobi. Kilichosalia ni nyumba, na historia ya nyumba hiyo haiwezi kutenganishwa na maisha ya mwenyewe.

Ni nyumba ambayo imepewa kazi mpya kila mara ya zamani ilipokwisha. Ilikuwa makao ya wakulima wa kahawa. Ikawa nyumba ya afisa wa jeshi la Uingereza. Ikatumiwa na chuo cha lishe baada ya uhuru, na tangu mwaka 1986 imekuwa makumbusho. Yamkini ingalikuwa imebomolewa zamani kama katika mojawapo ya vipindi hivyo ingalikosa mtu wa kuihitaji.

Karen Christentze Dinesen alizaliwa mnamo Aprili 17, 1885, huko Rungstedlund, kaskazini mwa jiji la Copenhagen. Nyumba aliyozaliwa nayo ilikuwa imekwisha badilishiwa kazi. Kwa muda mrefu ilikuwa nyumba ya wageni kando ya barabara ya pwani, na katika karne ya 18 mshairi mashuhuri wa Denmark, Johannes Ewald, aliishi hapo kwa muda akiandika. Babake Karen, Wilhelm Dinesen, aliyekuwa mwanajeshi na mwandishi, aliinunua mwaka 1879 akaifanya makao ya familia yake. Karen alikuwa na umri wa karibu miaka 10 babake alipojiua mwaka 1895.

Msiba huo haukumwondoka. Alilelewa na mamake, nyanyake na shangazi zake, wanawake wa familia ya wafanyabiashara iliyoshika dini na adabu kwa ukali, naye akaota kutoroka. Alisomea uchoraji jijini Copenhagen, akachapisha hadithi chache ambazo hazikumpa jina, akampenda kijana wa ukoo wake kutoka Uswidi aliyeitwa Hans ambaye hakumjali. Mnamo 1912 alikubali kuposwa na pacha wa kijana huyo, Bror von Blixen-Finecke.

Jamaa zao ndio waliowashauri wajaribu bahati yao Afrika Mashariki. Fedha zilitoka kwa familia ya Karen, na mjomba wake, Aage Westenholz, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kampuni ya shamba. Mpango wa kwanza ulikuwa kufuga ng'ombe wa maziwa, lakini Bror, aliyetangulia kufika, alibadili nia akanunua shamba la kahawa bila kuuliza sana. Karen alitia nanga Mombasa mnamo Januari 1914, na tarehe 14 mwezi huo wakafunga ndoa papo hapo mjini, Mwanamfalme Wilhelm wa Uswidi akiwa shahidi.

Ndoa hiyo haikumpa raha. Mwaka wa kwanza haujaisha sawasawa kabla ya yeye kugundua ana ugonjwa wa kaswende, na mwaka 1915 alilazimika kurudi Denmark kutafuta matibabu. Alirejea Kenya mwaka uliofuata. Bror alikuwa mwindaji hodari na mtu wa kupendeza kwenye karamu, ila hesabu za shamba zilimshinda. Mnamo 1921 kampuni ilimwondoa na kumkabidhi Karen usimamizi. Talaka yao ilikamilika mwaka 1925.

Wakati huo Karen alikwisha hamia Mbogani. Nyumba yao ya kwanza, iliyoitwa Mbagathi kama ule mto, ilikuwa ndogo. Mwaka 1917 walihamia nyumba kubwa zaidi iliyokuwa imejengwa mwaka 1912 na mhandisi kutoka Uswidi, Åke Sjögren. Jina Mbogani huelezwa kuwa na maana ya nyumba ya msituni, ingawa Mswahili wa pwani angelisikia humo mboga badala ya msitu.

Ni nyumba ya ghorofa moja iliyojengwa kwa mawe ya kijivu na kuezekwa vigae vyekundu. Ina veranda pana, na ndani kuta za vyumba vikuu zimefunikwa kwa mbao. Mpangilio wake ni wa kawaida kwa nyumba za wazungu wa enzi hiyo: vyumba vimepangwa kwa ulalo, madirisha yakaelekezwa penye hewa na mandhari. Upande wa magharibi huonekana vilele vya Ngong. Hakuna mbwembwe za usanifu hapo, na huenda hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya iwe rahisi kutumiwa na wengine baadaye. Jumba lililobuniwa kwa ajili ya anasa ya mtu mmoja ni vigumu kulipa kazi nyingine. Nyumba ya kadiri, yenye vyumba vya kutosha na kuta nene, humkubali mpangaji yeyote.

Hata katika enzi ya Karen nyumba hiyo haikuwa makao tu. Asubuhi, sehemu ya nje iligeuka zahanati. Wagonjwa kutoka shambani walifika wakiwa na vidonda, majipu, mikono iliyovunjika na homa, naye akawatibu kwa ujuzi mdogo aliokuwa nao, akiwapeleka hospitalini wale waliomshinda. Mojawapo ya watoto waliofika hivyo alikuwa Kamante Gatura, mvulana Mkikuyu mwenye vidonda vibaya miguuni. Alitibiwa hatimaye katika hospitali ya misheni ya Waskoti, akarudi akiwa Mkristo na akawa mpishi hodari wa jikoni mwa Mbogani.

Uwanjani palikuwa mahali pa baraza. Wazee wa Kikuyu walikutana kukata mashauri ya fidia na mifugo, na mara kwa mara walimtaka Karen awe mwamuzi, jambo lililomshangaza kwa kuwa hakujua sheria zao. Palikuwa pia uwanja wa ngoma. Mwana wa mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Nane, alipozuru Kenya mwaka 1928, alikula chakula cha jioni Mbogani na kutazama ngoma iliyoandaliwa kwa ajili yake. Shule ya jioni ya watu wa shambani nayo ilikuwa na nafasi yake. Na wachungaji wadogo walikuwa na desturi ya kufika adhuhuri kutazama saa ya ukutani yenye ndege wa mbao aliyetokeza kulia saa ilipogonga.

Msimamizi wa nyumba alikuwa Farah Aden, Msomali aliyekuwa naye tangu siku za kwanza. Farah alishika funguo na fedha, akapokea wageni, akawa mshauri na mkalimani. Karen aliongea naye Kiingereza, na na watu wengine wa shambani Kiswahili cha kujifunza.

Shamba kwa ujumla lilikuwa la ekari zipatazo 6,000, lakini zilizopandwa kahawa zilikuwa kama 600 tu. Sehemu nyingine ilikuwa msitu na malisho, na kwenye ekari zipatazo 1,000 waliishi maskwota. Neno hilo lahitaji kuelezwa. Wengi wa watu hao walikuwa Wakikuyu ambao wao wenyewe au wazazi wao walikuwa wakiishi na kulima sehemu hizo kabla serikali ya kikoloni haijazigawa kwa walowezi. Sheria iliwageuza wapangaji. Ili waruhusiwe kujenga nyumba zao, kulima vishamba na kufuga, walipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi kwa siku 180 kila mwaka.

Ng'ambo ya mto, Wamaasai nao walikuwa wamebanwa. Mikataba ya 1904 na 1911 iliwaondoa katika nchi yao ya Bonde la Ufa na kisha Laikipia, wakasukumwa kusini. Karen aliwatazama kutoka upande wa pili wa maji, akawaandika kwa mapenzi na pia kwa macho ya mtu aliyeona fahari inayokaribia mwisho. Katika hilo alikosea. Wanaoishi leo Ngong, Kiserian na Kitengela wanajua kwamba Wamaasai hawajatoweka.

Kahawa ndiyo iliyomwangusha. Shamba lilikuwa juu mno, kwenye mwinuko wa takriban futi 6,000, ambako baridi na upepo wa Ngong viliidhuru mibuni. Ukame ulirudi mara kwa mara, na udongo wa mahali hapo haukuifaa sana kahawa. Mwaka 1923 kiwanda cha kukaushia kahawa kiliteketea. Kilijengwa upya, lakini madeni yalizidi kupanda, na wenye hisa huko Denmark walichoka kutoa fedha. Nduguye, Thomas Dinesen, aliyekuja kumsaidia mnamo 1920 na kuishi naye kwa kipindi fulani, aliona mapema kwamba hakutakuwa na faida. Karen hakutaka kusikia.

Mtu mwingine aliyeipa nyumba hiyo umaarufu ni Denys Finch Hatton, Mwingereza wa ukoo wa kikabaila, mwindaji na rubani. Alipokuwa hana safari alikaa Mbogani, akaleta vitabu vyake, gramafoni na muziki. Karen alimsimulia hadithi usiku, naye akawa msikilizaji wake wa kwanza. Wanaosema kwamba mwandishi huyo alizaliwa kando ya moto wa sebule ile hawatii chumvi. Finch Hatton alifariki mnamo Mei 14, 1931, ndege yake ilipoanguka Voi. Alizikwa kwenye mteremko wa Milima ya Ngong, katika ardhi ambayo leo ni ya Kajiado, mahali ambapo wawili hao walikuwa wamepachagua.

Kuna kisa kimoja kuhusu mlango wa Mbogani ambacho Karen mwenyewe hakukificha. Chifu Kinyanjui wa Gathirimu, kiongozi wa Wakikuyu aliyetambuliwa na serikali na aliyekuwa rafiki wa miaka mingi, alipokuwa mahututi alituma ajumbe kwake. Hakutaka kupelekwa hospitali ya misheni. Aliomba achukuliwe akafie katika nyumba ya Karen. Wakati huo shamba lilikuwa linaporomoka, naye Karen aliogopa lawama za madaktari na za maafisa iwapo chifu angefia mikononi mwake. Akakataa. Kinyanjui alipelekwa misheni akafa usiku huo. Alipokiandika kisa hicho, Karen hakujitetea sana.

Mwanzoni mwa 1931 shamba liliuzwa. Mnunuzi, Remy Martin, hakutaka kahawa. Alitaka viwanja. Shamba lilipimwa likagawanywa katika sehemu za ekari 20, na mnamo 1937 klabu ya gofu ikafunguliwa mahali ambapo awali palikuwa mibuni na malisho. Karen aliruhusiwa kukaa katika nyumba kwa miezi michache ili avune kahawa ya mwisho.

Miezi hiyo aliitumia kwa jambo ambalo hata wakosoaji wake hawalipuuzi. Maskwota walikuwa wamepewa ilani ya kuondoka, na sheria haikumpa mtu mweusi haki ya kununua ardhi hapo. Wao waliomba jambo moja, kwamba wahamishwe pamoja, wasitawanywe mmoja mmoja kama mifugo isiyo na mwenyewe. Karen alikwenda ofisi moja baada ya nyingine jijini Nairobi, kutoka kwa mkuu wa wilaya hadi kwa gavana mpya, Sir Joseph Byrne. Watumishi wa serikali walimweleza kwamba ombi hilo halina mfano. Hatimaye walikubali kuwatafutia mahali katika msitu wa hifadhi wa Dagoretti.

Walikwenda na mifugo yao. Nyumba zao za miti, udongo na nyasi hazikuachwa zifikie umri wa kuitwa za kihistoria. Hili ni jambo la kukumbukwa kila inapozungumzwa habari ya kuhifadhi majengo ya kale. Mara nyingi kinachopata bahati ya kutumiwa tena ni kile kilichojengwa kwa mawe, na aliyejenga kwa mawe wakati huo alikuwa mwenye hati ya ardhi.

Samani za Mbogani ziliuzwa. Katika wiki za mwisho Karen aliishi katika vyumba vitupu, akikalia masanduku na kupokea wageni waliokuja kuaga. Mnunuzi mmoja mkubwa wa vitu hivyo alikuwa Lady McMillan, mjane wa tajiri Northrup McMillan, ambaye mwaka huo huo alifungua jijini Nairobi maktaba ya kumkumbuka mumewe. Baadhi ya samani zikaishia katika maktaba hiyo. Karen aliondoka Kenya mwaka huo wa 1931 akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila fedha na bila afya, wala hakurudi tena.

Alirudi katika chumba cha babake huko Rungstedlund, mahali Ewald alipoandikia mashairi. Hapo ndipo alipojitengeneza upya. Mwaka 1934 kitabu chake cha kwanza cha hadithi kilitoka Marekani kwa jina la Isak Dinesen, kikapata wasomaji wengi. Mwaka 1937 kikafuata Out of Africa, kumbukumbu za shamba la Ngong. Alikiandika kwa Kiingereza na kwa Kidenishi. Kitabu hicho ndicho kilichoifanya nyumba ya kijivu iliyokuwa mikononi mwa watu wengine iwe mashuhuri, pengine wakazi wake wapya wenyewe wakiwa hawana habari.

Wakati Karen akiandika, Mbogani iliendelea na maisha yake. Mnamo 1935 ilinunuliwa na afisa wa jeshi la Uingereza aliyeishi hapo hadi alipofariki mwaka 1954, kisha ikarithiwa na mabinti zake, na baadaye ikauzwa tena. Ilikuwa nyumba ya kawaida ya walowezi katika mtaa wa walowezi. Hakuna bango lililowekwa mlangoni.

Karen, kwa upande wake, alikuwa na wasiwasi kuhusu nyumba ya pili, ile ya kuzaliwa. Rungstedlund ilikuwa imechakaa, na jiji la Copenhagen lilikuwa likipanuka kuelekea pwani. Alikwisha ona shamba moja likikatwa viwanja, wala hakutaka kuona la pili. Mwaka 1958 yeye na ndugu zake waliikabidhi mali hiyo kwa wakfu maalumu. Bustani na msitu wake vilifanywa hifadhi ya ndege. Ili kupata fedha, Karen alizungumza katika redio akawaomba wasikilizaji wampe krona moja moja. Zaidi ya watu 80,000 waliitika. Nyumba ilifanyiwa ukarabati mwaka 1960 chini ya msanifu majengo Steen Eiler Rasmussen.

Hiyo ndiyo tofauti kati ya nyumba hizo mbili. Ya Denmark alipata nafasi ya kuipangia kazi ya baadaye akiwa hai, kwa sheria na kwa fedha. Ya Kenya aliiacha ikiwa tupu, na yaliyoipata baadaye hayakutokana na mpango wake hata kidogo.

Alifariki Rungstedlund mnamo Septemba 7, 1962, akiwa na umri wa miaka 77. Alizikwa chini ya mti mkubwa katika bustani hiyo. Kenya ilipata uhuru mwaka uliofuata, naye hakuushuhudia.

Uhuru ndio uliobadili hatima ya Mbogani. Mwaka 1964 serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo pamoja na ardhi iliyoizunguka, ikaikabidhi Kenya kama zawadi. Lengo halikuwa kujenga kaburi la mwandishi. Taifa changa lilihitaji walimu na maafisa wa lishe, basi kikaanzishwa chuo hapo, majengo mapya yakajengwa kandokando na nyumba ya zamani ikatumiwa kwa mahitaji ya chuo.

Kwa sadfa, mwaka huo huo wa 1964 wataalamu wa kuhifadhi majengo kutoka nchi mbalimbali walikutana jijini Venice, Italia, wakaandika hati ambayo hadi leo ni msingi wa taaluma hiyo. Hati hiyo inakiri kwamba jengo la kale huhifadhika vyema likiwa na kazi yenye manufaa kwa jamii, ila kazi hiyo isilazimishe kubadilisha mpangilio wala mapambo yake. Bila shaka waliopokea funguo za Mbogani hawakuwa wakifikiria Venice. Walifikiria lishe. Lakini walichofanya kililingana na hati hiyo. Paa lililo na watu chini yake hutengenezwa linapovuja, na mlango unaofunguliwa kila siku hauliwi na mchwa kimyakimya.

Kenya ina mifano mingine ya namna hiyo. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilitumiwa na Waingereza kuwa jela hadi 1958, ndipo ikafanywa mahali pa kumbukumbu na makumbusho. Ngome ya Lamu nayo ilikuwa jela hadi miaka ya 1980. Jijini Nairobi, ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa, iliyojengwa 1913 na ambako watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, sasa ni jumba la sanaa. Si kila kazi ambayo jengo hupewa huwa ya heshima, na hakuna anayeisifu jela. Hata hivyo, majengo hayo yalifika mikononi mwa wahifadhi yakiwa yangali yamesimama.

Mbogani ilifikia kazi yake ya sasa kwa njia ya sinema. Mnamo 1985 kundi la waigizaji na mafundi wa Hollywood lilifika Nairobi kutengeneza filamu ya Out of Africa chini ya mwelekezi Sydney Pollack, Meryl Streep akiwa Karen na Robert Redford akiwa Finch Hatton. Filamu hiyo ilitwaa tuzo 7 za Oscar mwaka 1986. Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya yaliona nafasi. Yalikubaliana na chuo, nyumba ikarejeshwa katika hali iliyokaribia ile ya miaka ya 1920, na mwaka 1986 ikafunguliwa kwa umma.

Kurejesha huko kulikuwa na ugumu wake. Samani asilia zilikuwa zimetawanyika tangu 1931. Zilizopatikana zilirudishwa, na nafasi nyingine zikajazwa kwa vitu vilivyotoka katika filamu. Kwa hiyo mgeni anayetembea humo huona vitu alivyovigusa Karen na vitu alivyovigusa Meryl Streep vikiwa chumba kimoja. Waumini wa uhifadhi halisi hukunja uso kwa jambo hilo. Hata hivyo, watalii wengi huja kwa sababu ya filamu, na viingilio vyao husaidia kulipia vigae.

Huko Denmark, mauzo ya vitabu yaliyofufuliwa na filamu hiyo hiyo yalisaidia kuifanya Rungstedlund nayo makumbusho, yaliyofunguliwa mwaka 1991. Nyumba ya wageni ikawa makao, makao yakawa makumbusho.

Swali gumu zaidi linahusu kumbukumbu ya nani inayotunzwa Mbogani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alikuwa miongoni mwa wakosoaji wakali wa Karen Blixen. Katika insha iliyomo kwenye kitabu chake cha 1993, Moving the Centre, alieleza kwamba mapenzi ya mwandishi huyo kwa Waafrika yalikuwa mapenzi ya bwana kwa mali yake, na kwamba alimweka mpishi wake karibu na mbwa katika mpangilio wa fikra zake. Wanaomtetea huonyesha zahanati, shule na vita vyake kwa ajili ya maskwota. Pande zote mbili hupata ushahidi katika kitabu kile kile.

Nyumba yenyewe haiwezi kuamua. Inachoweza ni kuwapa nafasi watu ambao zamani wasingeruhusiwa zaidi ya veranda. Wanafunzi kutoka shule za Nairobi na Kajiado hupita sebuleni. Wajukuu wa waliohamishiwa Dagoretti wanaweza kuingia jikoni alimopika Kamante wakauliza alilala wapi. Mlango ulionyimwa Kinyanjui hufunguliwa asubuhi kwa yeyote aliye na tikiti, naye hupokewa na viongozi wa wageni ambao ni Wakenya na ambao ndio wanaoamua sasa hadithi ianzie wapi.

Nje, miongoni mwa miti, ungali unaonekana mtambo wa zamani wa kahawa uliotua kutu. Samani nyingine za Karen hazijarudi. Zimo katika Maktaba ya McMillan katikati ya jiji, jengo la 1931 ambalo hapo mwanzo lilikuwa la wazungu pekee na ambalo baadaye lilifunguliwa kwa wasomaji wote wa Nairobi.